Mama Edinah na Anwani Ishirini na Nane za Elgon View

Leo Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026, Mama Edinah Nangila anastaafu baada ya kuitumikia kampuni ya Nyanda Mtandao, hapa Eldoret, kwa miaka ishirini na saba na siku ishirini na sita. Nilipokuwa naandika wasifu huu mlioushika, hizo siku ishirini na sita nilitaka kuziacha ili sentensi ipendeze. Mama akaniambia niziandike, kwa kuwa alizifanyia kazi kama zile nyingine zote. Huyo ndiye tunayemuaga, kama kuna mgeni ambaye alikuwa hamjui.

Alipoingia kazini Machi 1999, kampuni ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ndani yake kompyuta tatu na hita moja. Hita ilikuwa ya mkurugenzi. Tulikuwa saiba tu, watu wanalipa kwa dakika, na dakika zenyewe zinahesabiwa na saa ya ukutani ambayo ilikuwa inakimbia kidogo, Mungu atusamehe. Mama Edinah alikuwa ametoka Bungoma na cheti cha upigaji chapa, na ndiye aliyewafungulia watu wa mji huu barua pepe zao za kwanza. Kuna wazee wenye magari makubwa leo ambao paswadi zao alizitunga yeye, na nusu yao hawajazibadilisha. Anawajua kwa majina. Wakikutana naye kanisani wanamsalimia kwa unyenyekevu ambao mchungaji mwenyewe hajawahi kuupata.

Mwaka wa 2009 tukaanza kupeleka intaneti majumbani. Mafundi walikuwa wawili, na mmoja alikuwa anaogopa paa, kwa hiyo Mama Edinah, akiwa na miaka arobaini na mitatu, akajifunza kupanda ngazi. Alivaa suruali ndani na sketi juu. Alisema paa ni la mteja lakini heshima ni yake. Ni katika miaka hiyo ambapo mbwa wa nyumba moja ya Elgon View alimuuma kwenye mguu akiwa amebeba waya, na bado akamaliza kuunganisha nyumba. Kadi yake ya kazi ya siku hiyo tunayo kwenye faili. Ameandika kwamba intaneti inafanya kazi, mteja ameridhika, mbwa bado.

Mwaka wa 2014 akapewa meza ya huduma pale chini, karibu na mlango, na hapo ndipo wengi wenu mlipomjua. Hapo ndipo na mimi nilipomjua, maana niliajiriwa mwaka uliofuata nikawekwa upande wa mauzo, meza inayotazamana na yake. Miaka kumi na moja nimekaa nikimwangalia akiwafukuza wateja wangu.

Ngoja nieleze, msije mkafikiri natania. Kila nyumba iliyounganishwa na intaneti hupewa namba, ambayo sisi tunaiita anwani ya IP. Kuna anwani ya kubadilika: mashine yetu inachukua namba yoyote iliyo huru inakupa, leo hii, wiki ijayo nyingine, na wewe huoni chochote. Na kuna anwani ya kudumu: namba moja, yako, haiondoki, na unailipia zaidi kila mwezi. Mteja wa nyumbani akija kuuliza achukue ipi, mtu wa mauzo aliyelelewa vizuri anajua jibu. Mama Edinah hakulelewa hivyo.

Alikuwa na maswali matatu, ameyaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye meza kwa gundi ya karatasi ambayo mpaka leo haitoki. La kwanza: kuna mtu au chombo chochote kilicho nje ya nyumba yako ambacho kinatakiwa kuingia ndani kukutafuta? La pili: kuna ofisi inayokataa kukufungulia mpaka iijue namba yako? La tatu: ni nani aliyekuambia unaihitaji? Mawili ya kwanza watu waliyajibu kwa kujikuna kichwa. La tatu ndilo lililokuwa linawamaliza, kwa sababu jibu kila mara lilikuwa jirani.

Akiona mtu bado amekunja uso, anamwambia habari za soko. Kwamba ukienda sokoni kununua sukuma, hakuna mama mboga anayekuuliza umetokea mlango gani, na kesho ukitokea mwingine utauziwa vilevile. Lakini kama wewe ndiye unayeuza, basi kaa mahali pamoja, watu wasikutafute soko zima. Halafu anaongeza, bila hata kuulizwa, kwamba anwani ya kudumu haiongezi kasi, haifanyi sinema isikwame, na wala haikulindi. Ikiwa kuna lolote, mwizi wa mtandaoni anapenda mlango usiohama. Mteja anamshukuru, anachukua ile ya kubadilika, anaenda zake. Mimi nabaki na fomu mkononi. Kwenye ubao wa mauzo jina la Mama Edinah lilikaa mwisho miaka yote hiyo, na aliwahi kuomba lisiwe linafutwa na kuandikwa upya kila mwezi, chaki inaharibika bure.

Sasa, mwanzo wa mwaka jana akaja Ronnie, meneja wetu wa mauzo. Ronnie ni mtu mzuri, ana viatu vyenye ncha, na haongei bila kusimama. Wiki yake ya kwanza alizunguka mjini, akasikiliza watu wanaongea nini hotelini, kanisani, kwenye foleni ya benki. Akarudi amefurahi. Alisema watu wa hapa hawaongei habari za intaneti, wanaongea habari za mashamba: nani amenunua, nani amezungusha ua, nani ana hati na nani ana maneno tu. Wiki ya pili mabango yakapanda: Mpaka Lini Utakuwa Mpangaji Mtandaoni? Miliki Anwani Yako.

Jameni! Tulikuwa na anwani za kudumu thelathini na moja za kuuzia majumbani. Kwa miaka yote tulikuwa tumeuza tatu. Ndani ya wiki kumi zikaisha, karibu zote zikienda Elgon View, mtaa wa wenye pesa.

Ronnie hakuuza namba, aliuza cheti. Karatasi nzito yenye ukingo wa kijani, mhuri mwekundu, na maneno Hati ya Umiliki wa Anwani yameandikwa kwa herufi za kujipinda. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi ya Msajili. Alimpelekea Mama Edinah asaini, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu kwa miaka. Mama akaisoma yote, akavua miwani, akasema hizo namba hata kampuni yenyewe imeazimwa tu, na yeye hawezi kumuuzia mtu kitu cha kuazima halafu akaweka jina lake. Ronnie akacheka, akaniletea mimi. Nikasaini. Nilisaini zote ishirini na nane, na nilinunua kalamu ya wino kwa ajili hiyo.

Wenye kujua Uasin Gishu watajua kilichofuata. Ukimpa mtu wa huku karatasi yenye mhuri na neno umiliki, amemaliza kusoma, sasa anatafuta mipaka. Bwana mmoja wa Elgon View alipiga simu kuuliza wapimaji watakuja lini kuweka mawe. Mwingine alikuja na mkewe, wamevaa nguo za kwenda mahakamani, kwa sababu aliambiwa mali haiuzwi wala hainunuliwi bila idhini ya mke. Na sisi badala ya kuwarudisha nyumbani tukawaandalia fomu ya idhini. Ronnie aliitunga mchana huohuo na imetumika mara nne. Mwalimu mkuu mstaafu aliuliza kama inaweza kugawanywa kwa wana watatu, akajibiwa haigawanyiki ila anaweza kununua tatu. Akanunua tatu, moja kwa nyumba ya kila mwana.

Kulikuwa na mbuzi aliyechinjwa. Kulikuwa na rauta, kile kisanduku cha intaneti, iliyowekewa mikono na kuombewa, na mwombaji aliomba pia kwamba wenye wivu wasiijue namba, jambo ambalo kiufundi lilikuwa ni ombi la maana. Na kuna majirani wawili ambao mpaka leo hawasalimiani, kwa kuwa namba ya mmoja inaishia na saba na ya mwingine nane, na yule wa nane anaamini saba iko karibu zaidi na barabara.

Mimi nilicheka sana, halafu nikanunua ya kwangu. Haki ya Mungu. Sikai Elgon View, nakaa ng'ambo ya ukuta wake, lakini Ronnie alisema nami nihesabiwe humo. Niliweka cheti changu sebuleni juu ya televisheni, na kuanzia siku hiyo nilikuwa nawaambia wageni waone jinsi mpira unavyoonekana vizuri. Niliwaambia hata nyasi za uwanjani zimekuwa kijani zaidi.

Agosti akaja Chepkirui. Anaishi Kiplombe, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shamba la wazazi wake, na ana watoto mapacha ambao wakati huo walikuwa na miezi mitano. Kazi yake anaifanyia nyumbani: anasikiliza sauti za madaktari wa ng'ambo na kuandika wanachosema kwenye faili za wagonjwa. Hospitali inayompa kazi ilikuwa imebadilisha utaratibu. Kuanzia Jumatatu iliyokuwa inakuja, mfumo wao ungemfungulia mtu aliyeandikisha namba yake ya intaneti tu, namba moja, isiyobadilika. Hana namba, hana kazi. Alifika na barua yao ameikunja mara nne, na pacha mmoja mgongoni. Mwingine alikuwa amemwachia jirani.

Mama Edinah hakumaliza hata kumuuliza maswali. Katika miaka yote ile, mtu mmoja aliyejibu la pili sawasawa alikuwa amesimama mbele yake, na rafu ilikuwa tupu. Zote thelathini na moja zilikuwa zimeuzwa, ishirini na nane zikiwa ukutani kwa watu, kwenye fremu.

Nilikuwepo, kwa hiyo naandika nilichokiona. Nilimwambia Chepkirui tutamweka kwenye orodha ya kungoja. Ronnie alimwonea huruma zaidi yangu, akajitolea kumpa cheti bila anwani kwa nusu ya bei, anwani itafuata. Chepkirui akatuangalia wote wawili kana kwamba tunaongea lugha ya ndege. Machozi yalimtoka, si kwa kelele, akawa anayafuta kwa kona ya leso ya mtoto huku anaomba radhi kwa kutusumbua. Alituomba sisi radhi. Nikajifanya naangalia kompyuta.

Mama Edinah akapanda ngazi kwenda kwa mkurugenzi wetu, Mzee Johnstone, kuomba ruhusa ya kuchukua anwani moja ambayo haitumiki na kumpa huyu binti. Mzee alimjibu kwamba wale wateja wa Elgon View hawaguswi, ni watu wa maana. Mama akauliza, basi Chepkirui ni mtu wa nini. Mzee akasema apunguze ukali, imebaki miezi saba astaafu, amalize vizuri. Akateremka. Akamwambia Chepkirui aende nyumbani akanyonyeshe, Jumatatu atafanya kazi.

Alichofanya Mama Edinah mchana huo hakikumchukua hata nusu saa. Alifungua mashine yetu ya kugawa namba, akaitoa anwani ya kudumu kwenye nyumba moja ya Elgon View, akaiweka nyumba hiyo kwenye zile za kubadilika, na ile namba akampa Chepkirui. Kisha akakaa akingoja simu ya kulalamika. Haikuja. Siku ya pili haikuja. Jumatatu Chepkirui akaingia kazini kwake, mlango ukafunguka. Na simu bado haikuja.

Hapo, nafikiri, ndipo hasira yake ilipoanza hasa. Akatoa daftari lake la majibu ya wateja, akaangalia katika zile nyumba thelathini na moja ni nani aliyewahi kujibu ndiyo kwa swali lolote. Walikuwa watatu: mkulima wa Moiben ambaye kamera za ghala lake la mahindi zinaangaliwa na mtoto wake aliye Nairobi, na wengine wawili wa namna hiyo. Hao hakuwagusa. Wale ishirini na saba waliobaki akawatoa mmoja baada ya mwingine, akawaweka kwenye anwani za kubadilika pamoja na yule wa kwanza. Jumla nyumba ishirini na nane. Ya ishirini na nane ilikuwa yangu.

Siku arobaini na moja zikapita. Hakuna aliyegundua. Narudia, maana Ronnie huruka mistari anaposoma: hakuna hata mmoja. Daktari wa meno mmoja alipiga simu wiki ya tatu kusifu, akasema tangu awe mmiliki amekuwa na amani. Wale majirani wa saba na nane waliendelea kununiana kwa namba ambazo hakuna kati yao aliyekuwa nazo. Mimi mwenyewe niliangalia mechi sita, nikawaonyesha wageni nyasi. Wakati huohuo zile namba zilizorudi zilikuwa zinafanya kazi: nyumba mpya za Kiplombe zilizokuwa zinangoja namba zikaunganishwa, na Mzee Johnstone akatupongeza kwa barua kwa kuongeza wateja bila gharama. Barua hiyo ilibandikwa kwenye ubao, na Mama Edinah aliisoma akiwa amesimama hapohapo na kikombe chake cha chai.

Siku ya arobaini na mbili ilikuwa Jumatatu, siku ya mkutano wa wafanyakazi. Mama Edinah akasimama na daftari. Akasema alichofanya, akataja tarehe na saa, akasema alikatazwa na akafanya, na kwamba hakuna mtu mwingine aliyemsaidia. Alikuwa amebakiza miezi sita. Angeweza kunyamaza, angestaafu, na sisi tungekuwa bado tunachinja mbuzi. Nilimuuliza baadaye kwa nini alijisema. Alinijibu kwamba yeye si mwizi, na mtu asiye mwizi haachi kitu cha watu bila kuwaambia amekihamishia wapi.

Hapo kampuni ikapata shida ambayo haikuwahi kuipata. Kumfukuza kazi mtu wa miaka ishirini na sita unahitaji barua, na barua inahitaji sababu, na sababu yenyewe ni kwamba aliwanyang'anya wateja ishirini na wanane kitu na wao hawakujua. Barua kama hiyo ikifika kwa afisa wa kazi, kesho iko Elgon View. Wazo la kuwarudishia wateja anwani zao nalo likakataa, kwa kuwa namba zilikuwa tayari ziko Kiplombe, kwa watu wanaozitumia na ambao Mzee ameshatupongeza kwa ajili yao. Wakubwa walikaa na mlango umefungwa mpaka chai ikapoa. Walipotoka, Mama Edinah alikuwa amepewa Tuzo ya Ubunifu ya Mwaka, na ombi dogo la kunyamaza.

Tuzo aliipokea. Ombi alilikataa. Alisema wateja waambiwe, waombwe radhi, na waondolewe ile nyongeza wanayolipa kila mwezi kwa hewa. Mkurugenzi akasema suala linashughulikiwa. Oktoba aliuliza, kumbukumbu za mkutano zikaandika linashughulikiwa. Novemba vilevile. Desemba tulifunga mapema kwa ajili ya Krismasi kwa hiyo lilishughulikiwa kwa wiki mbili pungufu. Januari, Februari. Nimezisoma kumbukumbu zote, ni mimi ninayeziandika.

Wiki mbili zilizopita akapewa fomu ya kukabidhi kazi, ile ambayo kila anayestaafu huisaini. Alikabidhi funguo, ngazi, kitambulisho, koleo mbili. Akafika mstari wa mwisho, ambao unasema kwamba mfanyakazi anathibitisha hakuna jambo lililobaki. Hapo akaweka kalamu chini. Akaambiwa bila sahihi hapati cheti chake cha utumishi, na jina lake litasomwa kama mtu aliyeondoka bila kukabidhi. Miaka ishirini na saba, watu wangu, na siku ishirini na sita. Akasema sawa, lisomwe hivyo, lakini hawezi kuandika kwamba hakuna jambo wakati jambo liko. Alienda kukaa kwenye meza yake, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Kwa hiyo leo Mama Edinah amekaa hapo mbele na shada la maua shingoni, na fomu yake haijasainiwa. Na ninyi wageni wetu wa Elgon View mmekaa upande wa kulia, mahali penye viti vya kitambaa, kwa kuwa Ronnie aliwaomba mje na vyeti vyenu vya fremu tupigwe navyo picha ya tangazo la mwaka huu. Naandika kabla hamjafika, lakini naviona tayari. Mmevipakata vizuri.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Mzee Johnstone aliusoma Jumanne na kuupitisha. Ulikuwa wa kurasa mbili, ukiishia kwenye ngazi na mbwa, na ulikuwa mzuri tu, watu wangecheka. Jumatano nilienda nao kwa mpiga chapa, na nikiwa pale kaunta nikaongeza mengine yote. Mzee anayasoma sasa hivi kwa mara ya kwanza, sawa na ninyi. Mzee, samahani. Najua Jumatatu nitaitwa juu, na nitapanda.

Waheshimiwa wateja: karatasi mliyopakata haina kitu. Haikuwa na kitu tangu Agosti, na hata kabla ya hapo hamkuihitaji, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anakuja kuwatafuta mtandaoni, mlikuwa mnaangalia sinema kama sisi wengine. Mnalipa nyongeza kila mwezi kwa jina tu. Mkitaka iondolewe, njooni kwenye meza ya mauzo, sitawauliza nani aliwaambia mnaihitaji. Ni mimi niliyewaambia. Ile sahihi ya Msajili hapo chini ni yangu, Nicholas Okeyo, na nilijua ni uongo siku ile niliponunua kalamu. Naomba mnisamehe. Yule wa saba na yule wa nane, tafadhali, salimianeni.

Mama Edinah, tunakushukuru kwa barua pepe zetu za kwanza, kwa mapaa uliyopanda, kwa Chepkirui, ambaye yuko hapa leo na mapacha wote wawili, bila shaka wanatambaa chini ya viti. Nakushukuru mimi kwa kunivumilia miaka kumi na moja ukiniangalia usoni. Nakuombea siha, mvua kwa wakati huko shambani Bungoma, mahindi ya kutosha, na wajukuu watakaokusumbua kwa mambo ya kawaida.

Fomu yako iko mezani kwa mkurugenzi na kalamu ninayo mimi, nimekaa safu ya pili. Mstari wa mwisho sasa ni kweli. Saini, Mama, twende tukale.